Kingo Zisizoshika

Kisima cha Mkongoroni kilikuwa na maji ya chumvi tangu kilipochimbwa. Ndiyo sababu zahanati ya kijiji hicho, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Maneromango, ikapewa na wafadhili mtambo mdogo wa kuchuja. Ulifanya kazi vizuri miezi mitano. Mwezi wa sita, mwaka 1983, muuguzi Laurentia alionja maji kabla ya kuchanganya dawa ya watoto wanaoharisha. Akayatema.

"Nikimpa mtoto haya, nitammaliza," alimwambia Mwamvita Kondo, fundi aliyetumwa na karakana ya maji ya Kibaha. "Sasa naagiza maji Maneromango. Yakichelewa nangoja, lakini mtoto anayeharisha hangoji."

Mwamvita aliyatoa machujio yote matatu, akayapakia kwenye Land Rover. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwanamke pekee pale karakana, binti wa fundi viatu wa Mlandizi. Mhandisi wake, Ponsiano, aliyatazama akatikisa kichwa.

"Mapya nimeshaagiza. Fedha za kigeni hakuna. Tukibahatika, mwakani."

"Basi niruhusu nipasue moja, ndugu mhandisi."

"Pasua. Limeshakufa hilo."

Chujio lilikuwa limeviringishwa kama mkeka. Ndani yake mlikuwa na majani ya utando mwembamba, kila jani limebandikwa gundi pande tatu mfano wa bahasha, na mdomo wa upande wa nne ukielekea bomba la katikati lenye matundu. Maji matamu yalipaswa kupenya utando, yaingie ndani ya bahasha na kufuata njia mpaka bombani. Chumvi ibaki nje. Mwamvita alivuta ukingo mmoja. Gundi ikabanduka nzima nzima, kama gamba la nyoka. Akapitisha kidole pale ilipotoka, akahisi utelezi. Utando ulikuwa umepakwa majimaji ya kuuzuia usikauke, na gundi ilikuwa imekaa juu ya utelezi huo bila kuingia kwenye kitambaa kilichoushikilia utando mgongoni.

Haya aliyajua tangu utotoni. Baba yake alikuwa akisema gundi haipendi mafuta wala haraka: safisha, kwaruza, paka, ngoja mpaka ianze kunata, ndipo ubane. Akakata vipande vya utando, akavibandika viwili viwili kwa gundi ya kuchanganya waliyokuwa wakizibia pampu, akavining'iniza ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, kila kimoja kimefungwa tofali. Vile ambavyo havikusafishwa viliachia asubuhi ya kwanza. Vilivyofutwa kwa spiriti na kupitishwa msasa vilikuwa bado vimebeba tofali siku ya nne.

Akachagua majani mazima, akasafisha kingo tu huku katikati pamefunikwa vitambaa vibichi, maana utando huo ukikauka umekwisha. Akapaka, akangoja gundi inate, akaviringisha. Walipolijaribu chujio hilo, kipimo kilionyesha chumvi nyingi kuliko mwanzo.

Wiki hiyo dereva alileta barua ya Laurentia. Ilikuwa fupi. Mtoto wa Mboni alikuwa amepona. Wa Zubeda, maji yalimkuta ameshafariki.

Mwamvita aliikunja, akaitia mfukoni, akarudi mezani. Alilifungua chujio lake. Kila ukingo ulikuwa na nyufa. Kisha akachukua majani makavu yasiyofaa, akayapanga, akapiga mstari wa penseli ubavuni mwa yote kwa pamoja, akayaviringisha bila gundi. Mstari ulivunjika. Jani la juu lilikuwa limesogea upana wa kidole kutoka kwa la chini.

"Yanateleza," alimwambia Ponsiano. "Soli ya kiatu haisogei mtu akiibana. Haya yanasogea mpaka mzunguko wa mwisho. Mimi nimengoja gundi ishike, halafu nikaivunja kwa mikono yangu mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo iwe mbichi."

Safari hii alipaka mara mbili: kwanza nyembamba, inywewe na kitambaa, kisha nzito juu yake. Ponsiano alivua saa, akamshikia bomba. Waliviringisha upesi kabla gundi haijaanza kukaza, wakakaza kwa mipira ya baiskeli, wakaacha siku nzima.

Chujio lilitoa maji polepole kuliko jipya, lakini yalikuwa matamu. Kule Mkongoroni Laurentia aliyaonja, akayameza, akaanza kupima sukari ya kuchanganyia dawa ya watoto. Lilidumu miezi minane, mpaka mapya yalipofika, na Ponsiano akaamuru hata hayo mapya yakaguliwe kingo kwanza.

Mwamvita alikuwa akikusanya spana zake siku ile alipolifunga chujio, mwanamke mmoja akaja na ndoo. Laurentia alimwita kwa jina: Zubeda. Mwanamke akakinga maji, akamtazama fundi.

"Wewe ndiye uliyetengeneza?"

"Ndiyo, dada."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, dada," Mwamvita akasema. "Pole sana."

Zubeda alingoja ndoo ijae. Mwamvita akamsaidia kujitwika.