Ng'ombe wa Mzee Mniko Walioandikwa Mara Mbili

Siku ya chanjo, ng'ombe kumi na wanne wa mzee Mniko walionekana ishirini na nane kwenye kompyuta. Mama Theodora, katibu wa chama chetu cha wafugaji hapa Nyanungu, akanitazama.

"Rhobi, umebonyeza mara mbili tena. Kesho yule msichana Sarah atakaa hapo. Yeye ana kidato cha nne."

Mimi niliishia darasa la saba, na kazi hii naipenda. Sikubishana. Nikaendelea kuangalia.

Huku kwetu mwenye ng'ombe hasemi idadi, anataja majina. Wengine wakimaliza wanaondoka. Mzee Mniko husema, "Nisomee tena niwasikie." Mtandao ukiwa mzito orodha inakatika katikati, basi mimi naamuru ukurasa uje upya. Kidirisha kinauliza kitu kwa Kiingereza, nakubali. Nikagundua wanaoongezeka ni ng'ombe wa wanaosomewa tu.

Nikamwita Hosea, kijana wa Mwanza aliyetuandikia programu ile kwa lugha ya kompyuta ya Java, naye siku hiyo alikuwepo.

"Kaka Hosea, angalia anwani ya ukurasa hapo juu. Nimeshahifadhi, orodha imekuja, lakini anwani bado ni ya kuhifadhi."

Akainama, akaisoma anwani.

"Ndani ya seva, ile kompyuta kuu," akasema, "sehemu inayohifadhi ikimaliza, inalipitisha ombi lako lilelile kwa sehemu inayoonyesha orodha. Kivinjari hakijui kwamba kuhifadhi kumekwisha. Ukikiambia kirudie, kinarudia yote, hata kuhifadhi."

"Yaani ni kama ofisini, karani wa dirisha la kwanza anapitisha karatasi yangu kwa mlango wa nyuma, na mimi bado nimesimama kwake?"

"Ndiyo. Alitakiwa akuambie, nimemaliza, nenda mwenyewe dirisha la pili ukaombe orodha."

"Mbona hakuniambia?"

"Sikumwagiza. Kosa langu, dada."

"Wewe umesoma mpaka wapi?" mama Theodora akauliza.

"Chuo, mama."

"Basi Sarah akusaidie wewe."

Hosea akacheka, akabadilisha mstari mmoja, akaiwasha seva upya. Tukafuta waliozidi, na wa mzee Mniko tukawafuta wote. Nikawaandika upya ng'ombe wa mzee Mniko, nikahifadhi. Safari hii anwani ikahamia kwenye orodha. Nikaleta ukurasa upya mara tatu, mzee akisikiliza. Kila mara walikuwa kumi na wanne.

"Wote wapo," akasema, akaenda kuwafungulia zizi la chanjo.

Mama Theodora akanisogezea daftari la majina. "Andika, Rhobi. Foleni ni ndefu, na kesho uje mapema."