Dume Aliyeliwa Njiani

Lenzi alirudi kutoka msituni akiwa hoi bin taabani, magoti yanalia kama bawaba za mlango wa zamani. Jina hilo alipewa na wenzake wa makumbusho kwa ajili ya kioo cha kukuzia kilichomning'inia shingoni hata siku za harusi. Mkewe alisema siku mzee huyu atakapofufuliwa, atakitafuta kioo kwanza, sanda baadaye. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiainisha buibui, na mvua za msitu mnene zilikwisha kumwingia hadi kwenye uboho. Safari hii alimwapia mkewe kuwa ndiyo ya mwisho.

Nayo ilikuwa na heri. Chini ya gogo lililooza alikamata buibui jike mwenye mgongo wa rangi ya kutu, pamoja na dume wake, mdogo kama punje ya mtama. Moyo ukamwambia: hawa hawajaandikwa na mtu. Lakini moyo si ushahidi. Buibui wa rangi ile wana ndugu tele wanaofanana nao, na anayewatenganisha ni dume. Karibu na mdomo ana viungo viwili vifupi mfano wa mikono, kila kimoja na ndoana nchani, inayomwingia jike wa jamii yake tu, kama ufunguo na kufuli yake. Bila ndoana hiyo, hakuna jina.

Sasa, mezani jikoni, akafungua kopo. Jike yumo, kanenepa. Dume hayumo.

"Mama watoto, nimefanya ujinga."

"Upi tena?"

"Nimewatia kopo moja. Mvua inanipiga, dereva anapiga honi, kopo la pili kifuniko kimegoma. Nilichoka, mke wangu."

Mkewe akachungulia. "Mume na mke, na njaa yao, safari ya kutwa? Kamla?"

"Kamla."

"Labda naye alikuwa anamwambia kila mwaka ni safari ya mwisho."

Lenzi hakucheka. Alijua mkuu wake wa makumbusho atasemaje: rudi ukalete dume mwingine kabla mvua hazijafunga njia. Mkewe naye alijua. Alitoka, na mlango wa stoo ukasikika ukifungwa kwa ufunguo. Mabuti ya msituni yalikuwa humo.

"Nitakwenda peku!"

"Nenda. Ila magoti niachie, nitakutunzia."

Alikaa akilitazama kopo. Angeweza kuandika kwamba ni buibui walewale wa siku zote, akalale. Nani angemuuliza? Wazo lilikuwa tamu kama mto wa pamba. Ndipo akaona, pembeni mwa kopo, kidonge cheusi kama uchafu wa mfukoni. Akajipiga paji la uso. Buibui hali nyama na mifupa. Humnyonya mwenzake supu, makapi akayatupa. Hilo alilifundisha kila mgeni wa kazi, na uchovu umemsahaulisha!

Akakiloweka kidonge katika kisosi cha spiriti, akaanza kukichambua kwa sindano. Mkewe alikuja kumshikia tochi bila kuombwa.

"Nini hicho?"

"Mguu."

"Na hicho?"

"Mguu. Usitingishe tochi."

"Mkono umechoka."

"Hata mimi, nimechoka mpaka kope."

Kiungo cha kwanza cha ndoana kilikuwa kimesagwa. Cha pili kikatoka kizima. Lenzi akainamisha kioo, akazuia pumzi. Ndoana ilipinda nyuma, na juu yake palikuwa na kijino ambacho hakuna ndugu yao hata mmoja aliye nacho.

"Ni wapya," alisema polepole. "Mkuu atanuna kwamba namletea makombo, lakini makombo yanatosha."

"Kwa hiyo huendi?"

"Siendi."

Mkewe akazima tochi, akamvua kile kioo shingoni, akakitundika msumarini pamoja na ufunguo wa stoo. Kisha akalitazama kopo. "Na huyu mjane?"

"Lazima naye aingie kwenye spiriti, ahifadhiwe. Kesho. Leo kachoka, safari ndefu."

"Kachoka nini huyo? Kashiba."

Lenzi alitaka kucheka, ukatoka mwayo.