Mguu Usiopiga Kelele

Saa sita mchana, nyavu za kuanikia dagaa kwenye mwalo wa Busisi, kando ya ziwa, zilikuwa zinachoma. Sabina alisimama pembeni na kandambili zake za tairi. Ya kushoto ilikuwa imetobolewa chini, mahali kidonda cha unyayo wake kinapokaa. Muuguzi Odeta wa kliniki ya kisukari ndiye aliyeitoboa kwa kisu, uzito usikilemee.

"Mama, huku chini damu inafika kwa shida," Odeta alikuwa amemwambia huku akifunga bandeji. "Mwili unachipusha vimishipa vipya vya kuileta, ila pole pole mno. Ukikanyagia kidonda, unavisaga. Ukiungua tena, tutakata mguu."

Nestory, mwenye dagaa, alitoka kivulini.

"Vua hayo madude. Nyavuni hatupandi na viatu. Mzigo ukiingia mchanga, nani atanunua?"

"Shikamoo bosi. Mguu wenyewe uliungulia hapa hapa."

Nestory, kijana ambaye Sabina angeweza kumzaa, hakuipokea shikamoo ile ya woga wala hakuona aibu. Aliwageukia wanawake wengine.

"Nani alimsikia akilia? Mtu akiungua anapiga kelele. Huyu aligeuza dagaa mpaka jioni, akaondoka anatembea."

"Sikusikia maumivu, bosi. Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Kama hausikii, shida iko wapi? Vua, au niachie kazi yangu."

Wanawake hawakuinua vichwa. Sabina alimchukia Nestory, akawachukia na wao. Kisha akawafikiria wajukuu zake, waliolala jana na uji usio na sukari wala chumvi. Akavua, akapanda nyavuni.

Mguu wa kulia uliungua, naye akawa anaunyanyua kila mara. Uzito wote ukahamia wa kushoto, ule usiosema kitu.

Pikapu ikasimama. Mnunuzi kutoka Mkuyuni akashuka, viatu vya ngozi vinang'aa.

"Karibu mheshimiwa! Pita tu, kanyaga, ujionee mzigo ulivyo msafi."

Wakapita katikati ya nyavu, mnunuzi na viatu vyake, Nestory na mabuti yake. Karibu na Sabina, mnunuzi akasita. Dagaa walikuwa wameloa damu, wamegandamana katika umbo la unyayo.

"Hii nini?"

"Huyu mama ni mchafu tu," Nestory alisema, akiwapiga teke dagaa wale mpaka mchangani. "Sabina! Futa hapo."

Hapakuwa na kitambaa. Sabina akaketi, akaifungua bandeji, akatafuta upande uliokuwa bado mkavu.