Hakuna Kilichoota

Mimi Hyasinta ni mtu wa mdomo, na silifichi hilo. Pale Mchikichini ninapouza masweta ya mitumba, wenzangu wananiita Spika, kwa sababu nikianza kunadi mzigo hata wateja wa meza za mbali wanageuka. Basi ona Mungu alivyonitania: akanipa mdomo wote huo, kisha akaniwekea kifua kibovu.

Pumu yangu si ile ya kupuliza inhela ukaendelea na safari zako. Nimepuliza za bluu, za kahawia, za zambarau. Nimemeza vidonge vya kupunguza uvimbe mpaka uso ndio ukavimba. Bado belo la mitumba likifunguliwa na vumbi lake kupaa, naishia kukaa chini, mikono magotini, navuta hewa isiyofika popote. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa kufa.

Ndipo Daktari Matilda akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Alisema mwenye pumu huvimba njia za hewa, lakini uvimbe si wa aina moja. Kuna unaosikia dawa ninazopuliza. Kuna mwingine ambao huenda unachochewa na bakteria waliojikalia mapafuni kimyakimya, na huo dawa zangu hauzijali.

"Wako sijui ni upi," alisema. "Nataka makohozi yako. Tutayaotesha, tuone kama bakteria wapo, na ni dawa gani inawaweza. Ila mpaka siku hiyo usiguse antibayotiki hata moja. Ukizigusa hawataota, nasi hatutajua kitu."

Nafasi ya kipimo ilikuwa baada ya mwezi. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, hata harusi yangu. Nilimweleza Bi Sitara, mwenye nyumba wetu hapa Magomeni, ambaye ananilea kama mwanawe. Nikamweleza na Bakili, mpangaji wa chumba cha mbele, anayeuza kwenye duka la dawa Kariakoo na ambaye mtaa mzima unamwita dokta. Wote wawili wakaitikia. Bi Sitara akamtania kabisa, "Bakili, mikono yako uikalie."

Siku moja kabla ya kipimo nilirudi kutoka sokoni kifua kinapiga miluzi. Nilipoingia ukumbini kikafunga. Nikapuliza inhela, nikapuliza tena, wapi. Bi Sitara akapiga kelele, wapangaji wakatoka vyumbani, mmoja akakimbilia barabarani kutafuta bajaji. Bajaji haikuja upesi.

"Dokta! Mtoto wa watu anakufa huyu, na wewe umesimama!"

Bakili akaingia chumbani mwake, akatoka na rangi mbili, vile vidonge vya antibayotiki anavyovigawa kwa kila kikohozi. Akasita kidogo. "Lakini bi mkubwa, si daktari wake alikataza?"

"Alikataza akiwa mzima! Huyu mzima huyu?"

Nilitikisa kichwa. Bi Sitara akakishika kwa mikono miwili, akidhani natapatapa. Nikainua kidole kukataa, akakifumbata kiganjani mwake na kuanza kunisomea dua. Bakili akafungua vidonge, akakoroga unga wake kwenye chai vuguvugu. Hawakuhitaji kunipanua mdomo, maana ulikuwa wazi tayari, unatafuta hewa. Neno moja tu nilitaka kulisema, mimi Spika, na sikuwa na pumzi ya kulisukuma. Nikameza, la sivyo ningepaliwa. Nilimchukia yule mama wakati ule, nilimchukia kabisa, na huku machozi yake yananidondokea shingoni.

Hospitali waliniwekea mashine ya kupumulia dawa, nikarudi duniani. Kesho yake nikapeleka makohozi, nikamsimulia Daktari Matilda yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tuyaoteshe hivyo hivyo, tujaribu bahati.

Majibu yalipotoka aliyasoma mara mbili. "Hakuna kilichoota."

"Kwa hiyo hawapo?"

"Inawezekana hawapo. Inawezekana wapo na ile dawa imewazima kwa muda. Siwezi kujua, Hyasinta, na siwezi kukutibu kwa kubahatisha." Kipimo kingine kingekuwa baada ya miezi kadhaa, kama mashine ya maabara itakuwa nzima. Mpaka hapo niendelee na inhela zilezile. Nikamuuliza, kikinifunga tena kabla ya hapo? Akatazama meza. "Uwahi kuja," akasema.

Bi Sitara alikuwa ananingoja barazani.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

Mwendo wa kutoka kituoni ulikuwa umeshakula pumzi yangu. Nilibakiwa na ya maneno mawili. "Hakuna kilichoota."

Kigelegele alichopiga kilisikika mtaa wa pili. "Hakuna wadudu! Jamani, mtoto kifua cheupe!" Watu wakamiminika. Bakili akapongezwa na kupigwapigwa mabegani, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo ambao siku nyingine ungenichekesha. Nikataka kuwaeleza. Lakini maelezo yale ni marefu, na kila nilipoyaanza kikohozi kilinikata, nao wakanipa maji na kuniambia nipumzike, ya nini kujichosha na maneno wakati mambo yameisha.

Kumbe Bi Sitara alikuwa ameweka nadhiri kwa ajili yangu. Alasiri ile watoto wa mtaani wakaitwa, mkeka ukatandikwa ukumbini, kaimati zikaletwa kwenye sinia, dua ikasomwa. Mimi Mkatoliki wa Masasi nikaketishwa katikati kama bibi harusi. Nilimwangalia yule mama alivyokuwa anafurahi, chuki yote ikaniishia, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitamwambia.

Tangu nihamie nyumba ile nilikuwa sijawahi kusikia harufu ya udi ndani. Bi Sitara, mtu wa Pwani aliyelelewa na harufu hiyo, alikuwa amejinyima kwa sababu ya kifua changu. Sasa alitoka jikoni na chetezo mkononi, makaa yamewiva, akatia udi, akaongeza na ubani.

"Umepona," akaniambia. "Nyumba yangu itanukia tena."

Moshi ukapanda. Nikainua mkono kumzuia. Akaudaka, akaubusu, kisha akanisogezea chetezo miguuni ili baraka ianze na mimi.