Kadi ya Kuazima

Maneno yale yalimkuta Msusi akiwa na kichwa cha mtu mikononi, na tangu siku hiyo hayakumtoka.

"Mnaikimbilia hiyo kadi ya matibabu ya bure," alisema mteja wake, muuza viatu, huku akisukwa. "Ukishaandikishwa tu, jina lako linapelekwa kwa watu wa kodi. Leo unatibiwa, kesho wako mlangoni."

Msusi alicheka, lakini vidole vilisimama. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Leseni hakuwa nayo.

"Acha kumtisha mwenzio," akadakia mwalimu aliyekuwa akingoja zamu. "Kodi mnalipa kila mkinunua sabuni. Hospitali inaendeshwa kwa hizo hizo."

"Sasa kama nimeshalipa kwenye sabuni, mwalimu, kadi ya nini tena?"

Mwalimu alikitazama kioo. "Utaratibu," akasema.

"Utaratibu ndio huo wa kuletewa wageni," muuza viatu akajibu, wakacheka wote.

Msusi alibaki na kichwa kilichotatizana kama uzi wa kusukia. Kama ni bure, daktari analishwa na nani? Kama wote wanalipa, mbona inaitwa bure? Kila alipovuta huku, kule kulijifunga. Akaona heri asijiandikishe kwanza, asikilizie.

Alikuwa bado anasikilizia pale kitinda mimba wake alipokanyaga bati lenye kutu nyuma ya saluni. Huyo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Jeraha lilikuwa la kina, unyayoni, limejaa uchafu.

Msusi alimbeba hadi kwa dada yake, karani wa bohari, ambaye kodi yake ilikatwa kwenye mshahara.

"Wangu na wako wanafanana kama sahani na sahani," dada akasema, akatoa kadi ya mwanawe. "Nenda nayo. Mimi ndiye ninayekatwa kila mwezi, basi atibiwe yeyote kati yao."

Msusi akaona haki imetendeka. Yeye kodi aliiona kama chungu cha ukoo: dada ametia, wao wanapakua.

Njiani akamfunda mtoto. "Ukiulizwa jina, nyamaza. Nitasema mimi."

"Na nikiulizwa kama inauma?"

"Sema inauma."

"Inamuuma nani, mimi au dada mwenye kadi?"

"Chiriku, nyamaza."

Hospitalini nesi alilisafisha jeraha, akalifunga vizuri, kisha akasoma kwenye kompyuta. "Huyu ana bahati. Alichomwa sindano ya pepopunda mwezi uliopita, alipoumwa na mbwa. Hana haja ya nyingine. Mrudishe kesho kutwa tulitazame jeraha."

Msusi alielewa ni rekodi ya nani inayosomwa. Aliyeumwa na mbwa ni yule wa dada. Huyu wake hakuwahi kuchomwa sindano tangu aache kunyonya. Na pepopunda aliijua: aliwahi kumwona mtoto wa jirani taya zimefungana, mgongo umepinda kama upinde.

Akisema, kadi itamponza dada, na wa kodi watajua njia ya saluni. Asiposema, je?

"Asante, nesi," akasema, akambeba mtoto, wakatoka.

Walifika getini Chiriku hajatamka neno, na ukimya ule ulimtisha mama kuliko damu. Ndipo mtoto akauliza, taratibu, "Mama, dada mwenye kadi akichomwa sindano, dawa inafika na kwangu?"

Msusi aligeuka na kurudi naye mbio.

"Nesi, huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye wa kwenye kadi. Huyu ni wangu. Yule ni wa dada yangu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Kwa nini, mama?"

"Dada analipa kodi. Mimi sijui kama nalipa."

"Kwani nilikuuliza habari za kodi?"

"Hukuniuliza. Ila watu wanasema..."

"Hao watu wana mtoto mwenye jeraha hapa?"

Msusi akampakata mtoto. Chiriku alichomwa sindano yake, akaandikishwa kwa jina lake, akapiga kelele zikafika hadi vyumba vya mbele.

"Sasa wale wa kodi watakuja?" mama akauliza.

"Mimi nachoma sindano," nesi akasema. "Hilo hata mimi sijui."

Kadi ilizuiwa. Dada aliitwa ofisi ya hospitali kujieleza, akanuna hadi alipochoka. Mlangoni hajaja mtu, lakini viatu vigeni vikisikika, kitana cha Msusi husimama. Mwalimu amemweleza tena kwa nini wote wachangie ili wote watibiwe. Akielezwa anaelewa, mwalimu akitoka, uelewa unatoka naye. Anachokijua ni hiki tu, na mama mwenzangu, ukishike:

Usiazime kadi ya mtoto mwingine, hata wa damu yako.

Usimfunde mtoto kunyamaza mbele ya nesi.

Usingoje mtoto aumie ndipo umwandikishe.

Usichukue habari za kodi kwa mtu anayesukwa.

Usivuke geti la hospitali na uongo mdomoni.