Safu ya Nyuma ya Chai ya Mama

Mama yangu alipanda mti mmoja wa chai nyuma ya jiko mwaka niliozaliwa. Alipokufa, hicho ndicho kitu chake pekee kilichokuwa bado kinaota. Kisha wakaja watu wa kupanua barabara ya kiwandani, wakaupaka alama nyekundu. Wiki tatu, wakasema, halafu tunang'oa.

Nilikata vipande sitini vya tawi, kila kimoja na jani lake. Nikavichomeka kwenye vikaratasi vya plastiki vilivyojaa udongo, safu kumi mpaka ukuta wa jiko, nikafunika kwa nailoni juu ya fito. Trekta ikaja, ikang'oa mti. Kama vipande visingeshika, chai ya mama ingekuwa imekwisha.

Kila mkulima anajua nailoni haifunuliwi kabla ya miezi mitatu. Mimi nilifunua kila Jumapili nikitoka kanisani. Nachomoa safu moja au mbili, natafuta mizizi, narudisha.

Wiki ya sita binti yetu Joan, anayesomea uuguzi, akanikuta nimepiga magoti nikiwa na suti ya kanisani.

"Baba, unaomba au unaiba?"

"Naangalia kama vimeshika."

Alininyang'anya kipande. Mwishoni kilikuwa na kivimbe cheupe, kimevunjika upande mmoja.

"Hii ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na umeivunja. Hapa seli zinagawanyika. Seli moja inanakili maagizo yake yote, halafu inajikata katikati. Zinakuwa mbili zinazofanana. Kisha nne, kisha nane. Zikishakuwa nyingi, ndipo mizizi inatoka."

"Sisi tuligawa shamba la babu yako mara nne, kila mtu akabaki na mahali pa kulaza ng'ombe mmoja. Kugawa gani huku kunakoongeza?"

"Seli inakula na kunenepa kwanza. Nyinyi mligawana mkiwa na njaa."

"Na itakuwa chai ile ile ya mama?"

"Ile ile. Ingekuwa ni mbegu, ingechanganya ya baba na ya mama. Kama mimi. Pua nimepata kwako, lakini akili, Mungu ni mwema, nilitoa kwa mama."

Mke wangu Sally alikuwa mlangoni na maziwa, akacheka mpaka yakamwagika.

"Joan, nikiwa na mimba yako, baba yako aliuliza kila asubuhi kama umeshaota vidole. Bahati yako hakukuwa na nailoni ya kufunua."

Mimi sikucheka. "Nimeua vingapi?"

"Hatujui," Joan akasema. "Usiguse tena."

Sally alifunga nailoni kwa mafundo yake mwenyewe. Jumapili zilizobaki nilipitia zizini nisiione.

Miezi mitatu ilipotimia tulifunua, sisi watatu. Safu ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Mpaka ya tisa, nyeusi. Nilikaa chini kwenye matope.

"Njoo uone huku," Sally akasema.

Safu ya kumi, ile iliyogusa ukuta, vipande vyote sita vilikuwa na jani jipya. Joan alipasua kikaratasi kimoja. Mizizi myeupe ilikuwa imeenea kwenye udongo wote.

"Kwa nini hii peke yake?" akauliza.

Nilijua. Kila Jumapili nilijinyoosha mpaka nikahema, mkono haukufika kule ukutani.

Sally akanipiga kofi tumboni. "Hili hapa ndilo lililomzuia. Miaka kumi namwambia alipunguze."

Jioni hiyo alinipakulia ugali mara mbili, na sikuwa nimeomba.