Ukurasa wa Siku ya Kumi na Mbili

Kwa miaka thelathini Nikodemo alipima magogo msituni Shume, na gogo lililokwisha kupigwa nyundo yake ya alama halikupimwa tena na mtu. Alipostaafu akahamia angani. Mwalimu Evelina wa sekondari alimwazima darubini ya shule kwa kazi moja. Chombo cha angani kilikuwa kinakaribia Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Kikipita karibu huona kipande tu, kwa hiyo watazamaji wa nchi nyingi walichora sayari nzima na miezi yake minne kila jioni, michoro ikalinganishwe na picha zake.

Siku kumi na moja hakukosa. Ya kumi na mbili, siku yenyewe ya chombo kupita, ukungu ulishuka kutoka mlima wa Magamba tangu alasiri, ukakaa. Nikodemo alisubiri mpaka chai ikapoa, akaingia ndani. Kwa mwendo wa miezi aliouzoea, alijua pa kuiweka. Akaichora yote minne, akaandika na saa.

Asubuhi alimkuta Evelina sokoni Lushoto, mbele ya kabichi za Shabani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu."

Evelina akapokea daftari lake la michoro, akalifungua. "Umeupata wa jana! Wenzako wote hapa wamekosa. Huu nitaubandika ukutani shuleni, na jina lako chini."

"Jana?" Shabani akadakia. "Kwa ukungu ule mimi nimefunga mbuzi wa jirani nikidhani wangu! Bwana Niko, hayo macho umeyanunua wapi, Mombo?"

Watu wakacheka. Nikodemo alicheka kidogo. Jina lake ukutani shuleni, yeye aliyejifunza kusoma darasa la jioni akiwa na ndevu! Angeweza kunyamaza tu. Lakini gogo lililozama matopeni hakuwahi kuligonga nyundo kabla halijavutwa likapimwa, hata dereva wa lori atukane vipi.

"Lete, mwalimu."

Akakata mchoro kwa mistari miwili, akaandika chini: UKUNGU. SIKUONA.

"Sasa hautabandikwa, babu."

"Najua. Utume hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata, jua likizama, Evelina alipanda hadi kwake na picha ya Mshtarii iliyopigwa Dodoma jioni ile ya ukungu. Nikodemo akahesabu kwa kidole, akarudia.

"Mitatu. Wa nne uko wapi?"

"Saa ile ulikuwa nyuma ya sayari."

Nikodemo akamrudishia picha. Kisha akainua macho kuelekea Magamba.

"Leo kweupe," akasema, akaenda kuleta darubini.